Kuvu hai, bakteria au kimeng'enya cha chupa: uchague kipi kuvunja kitini?

Mzee mmoja kutoka Umalila alishuka hadi kwenye kitalu changu hapa Uyole masika yaliyopita, amebeba mashina mawili ya viazi mviringo ndani ya kipande cha kiroba. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua mzigo wake mezani.

"Mwanangu, nimesikia kuna dawa inayokula ukuta wa ukungu. Nipe ya ekari moja."

Niligeuza jani. Pembeni mwa baka jeusi kulikuwa na utando mweupe, mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Hilo ni baka jani chelewa. Hela alikuwa nayo mkononi, na mimi nilikuwa na pakiti kabatini. Nikamwambia, "Baba, hii niliyonayo ugonjwa huu haitauweza," na tukakaa karibu saa nzima nikimweleza kwa nini. Tangu siku hiyo nimeulizwa swali lake kwa namna nyingi, na wakulima wa nyanya wa Ilula, vijana wa uyoga wa Iringa mjini, na kikundi cha akina mama kinachotaka kuzalisha na kuuza. Wote wanataka kujua wachukue kipi. Naandika hapa kile ninachowaambia.

Adui yako ana kitini?

Swali hili linatangulia bei na linatangulia lebo. Kitini ni mnyororo mrefu wa sukari yenye naitrojeni, inayoitwa N-asetiliglukosamini. Mfaransa Henri Braconnot aliipata ndani ya uyoga mwaka 1811, na mwaka 1823 Auguste Odier akaikuta kwenye magamba ya wadudu na kuipa jina tunalotumia hadi leo. Ndiyo inayofanya bawa la kumbikumbi likatike kwa sauti kidoleni. Imo kwenye maganda ya kamba wa baharini, kwenye kuta za seli za kuvu, na kwenye ganda la yai la minyoo fundo. Vimeng'enya vinavyoikata tunaviita kitinasi, na vijiumbe vingi vya udongo huvitengeneza ili vipate chakula.

Sasa tazama magonjwa yetu. Baka jani chelewa la viazi na nyanya husababishwa na Phytophthora infestans, kiumbe kinachofanana na kuvu kwa sura lakini si kuvu. Ukuta wake umejengwa kwa glukani na selulosi, ambazo ni minyororo ya sukari ya aina nyingine, na kitini humo ni kidogo mno au hakuna kabisa. Ndugu yake, Phytophthora cinnamomi, ndiye anayeozesha mizizi ya parachichi. Kwa hiyo mkulima wa viazi wa Umalila na mkulima wa parachichi wa Njombe au Rungwe, wote wawili, wanaweza kutumia fedha kununua kitinasi na wasione badiliko lolote kwa adui wao mkubwa. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo kosa ghali kuliko yote ninayoyaona, na anayelifanya mara nyingi ni mkulima makini, aliyesoma na aliyejituma.

Mnyauko wa bakteria nao haumo. Bakteria wake hana kitini. Huo utautambua ukikata shina karibu na udongo, ukalining'iniza kwenye glasi ya maji safi na kusubiri dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye kidonda, acha habari za kitinasi; fikiria mbegu safi na kubadilisha mazao.

Wenye kitini ni hawa: Fusari wa mnyauko wa nyanya, migomba na maharage, Rizoktonia anayeacha magamba meusi kwenye kiazi na kuangusha miche kitaluni, Alternaria wa baka jani tangulia, chulebuni ya kahawa, na Armilaria anayeua michai kuanzia mizizini. Ongeza minyoo fundo, kwa ajili ya mayai yake, na wadudu wenye magamba. Kama adui wako yumo humu, endelea kusoma.

Chupa au kiumbe chenyewe?

Kimeng'enya cha chupa ni protini iliyokwisha kutengenezwa, ikachujwa na kusafishwa. Kiumbe hai ni fundi aliyebeba karakana yake. Kwa shamba mimi huchagua fundi.

Sababu ya kwanza ni jua na mvua. Protini iliyopulizwa kwenye jani huharibiwa na mwanga, husombwa na mvua, na ikifika chini huliwa na vijiumbe vingine au hunasa kwenye udongo wa mfinyanzi. Leo unapuliza, kesho kutwa huna kitu. Kuvu hai akishashika kwenye mzizi huendelea kutengeneza kitinasi kila anapokutana na kitini.

Sababu ya pili haisemwi sana na wauzaji. Kitini kwenye ukuta wa kuvu hakiko wazi kama tofali lisilopigwa plasta. Kimefunikwa na glukani na protini, isipokuwa kwenye ncha changa inayokua. Kitinasi peke yake huumiza ncha, lakini sehemu iliyokomaa huvumilia. Ukiongeza kimeng'enya cha kukata glukani, viwili hivyo kwa pamoja huvunja zaidi kuliko kila kimoja kwa nafasi yake. Trikoderma, kuvu wa udongo anayekula kuvu wenzake, anavyo vyote viwili, na selulosi pia huikata. Humzunguka mwenzake kama mtambaa unavyozunguka mti, hutoboa ukuta, hunywa kilichomo. Tena humnyima adui chakula na nafasi kwenye mzizi. Ndiyo maana Trikoderma husaidia hata kwa kinyausi, ule ugonjwa wa kuangusha miche, kinacholetwa na Pithiamu, ambaye ukuta wake ni wa selulosi. Hapo kinachofanya kazi si kitinasi, ni zile silaha nyingine.

Chupa ina nafasi yake, na nitaifikia. Lakini vimeng'enya vya kitini vinavyouzwa vikiwa safi, vingi ni vya maabara, vinapimwa kwa miligramu. Havijafikia uzalishaji mkubwa kama vile vya kuvunja wanga kwenye bia au vya kuondoa madoa kwenye sabuni. Akikujia mtu na lita tano za "kitinasi safi" kwa bei ya mbolea ya maji, muulize maswali.

Kuvu au bakteria?

Kwenye maduka ya pembejeo lebo itakuonyesha Trichoderma harzianum au asperellum upande wa kuvu, na Bacillus subtilis au jamaa zake upande wa bakteria. Wote wawili ni wazuri, ila hawafanani tabia.

Trikoderma hupenda udongo wenye uchachu kidogo na joto la nyuzi 25 hadi 30. Udongo wetu mwingi wa nyanda za juu una uchachu, hilo linamfaa. Baridi ndiyo tatizo. Juni na Julai, usiku Mbeya ukishuka chini ya nyuzi 10 na Kitulo kukiwa na barafu juu ya majani, Trikoderma hafi lakini hukaa kama mtu aliyejifunika blanketi. Mwekee kitaluni, chini ya nailoni, wiki moja kabla ya kuhamisha miche, ashike mizizi kwenye joto. Chembe zake za kuzaliana hazivumilii joto kali la dukani wala kukaa muda mrefu. Nimewahi kununua pakiti iliyokuwa imepangwa dirishani mwa duka, jua la mchana likiipiga. Niliipanda kwenye pumba na hakuota hata mmoja.

Basilasi hujifungia ndani ya mbegu ngumu inayostahimili joto, ukavu na safari. Kama unasambaza Ludewa au Momba, ambako pakiti itapita wiki mbili kwenye basi na stoo isiyo na friji, bakteria huyu ana faida kubwa. Hata hivyo hamzingiri adui wala kumtoboa kama Trikoderma. Nguvu yake iko zaidi kwenye viuavijasumu anavyovitoa, na kitinasi ni nyongeza. Aina moja ya Basilasi hutofautiana sana na nyingine kwa kiasi cha kitinasi, kwa hiyo jina peke yake kwenye lebo halitoshi.

Streptomaisi, wale bakteria wanaoupa udongo harufu yake baada ya mvua ya kwanza, ni mabingwa wa kitini. Shida ni kwamba hukua polepole, na kwa mzalishaji mdogo kila siku ya ziada ni nafasi ya uchafu kuingia.

Kuna mmoja ambaye ningependa tusibishane juu yake: Serratia marcescens. Ukisoma kuhusu kitinasi utamkuta kila mahali, maana vimeng'enya vyake vimechunguzwa kuliko karibu vyote, na ana uwezo mkubwa kweli. Lakini huyo huyo huingia kwenye damu na mkojo wa wagonjwa hospitalini. Asikuzwe kwenye chumba cha kikundi, karibu na watoto na wazee wetu, kwa faida yoyote ile. Mwacheni maabara zenye ulinzi.

Kwa wadudu, angalia Bovaria na Metarizi, kuvu wanaoua wadudu. Hawa hawahitaji kuliwa. Hutoboa gamba la mdudu kwa vimeng'enya vya protini, mafuta na kitini kwa pamoja. Kwa minyoo fundo yupo kuvu Purpureocillium lilacinum, anayekula mayai. Ipo pia njia ya kulisha udongo: unachanganya maganda ya kamba yaliyosagwa, au magamba ya nzi chuma (black soldier fly), wiki kadhaa kabla ya kupanda, na vijiumbe vya asili vyenye njaa ya kitini huongezeka vyenyewe na kugeukia mayai ya minyoo. Kitini kikioza hutoa amonia nyingi, nayo inasaidia kuua minyoo, lakini huunguza miche pia. Usiweke siku ya kupanda.

Kama unataka kuzalisha: pumba au tangi?

Hapa ndipo vikundi vingi huniuliza kwa shauku, na mimi pia ndipo ninapopapenda zaidi.

Viwanda vikubwa vya nje hukuza vijiumbe kwenye matangi ya chuma kisichoshika kutu: chakula cha majimaji, hewa iliyochujwa, mota ya kukoroga, kipimo cha joto na uchachu. Bakteria hukua kwa siku mbili hadi nne, kisha majimaji huchujwa na kimeng'enya hubaki ndani yake. Faida yake ni usawa. Kila kona ya tangi inafanana na nyingine, na ukitaka kuzidisha unajua unafanya nini. Udhaifu wake kwetu ni umeme. Mota ikisimama, hewa inakata, na bakteria ndani ya maji mazito hawasubiri TANESCO warudishe. Bila jenereta, usinunue tangi.

Njia ya pumba ni ya unyevunyevu bila maji ya kumwagika. Unachukua pumba laini za mpunga kutoka mashine za Igurusi au Ubaruku, au pumba za mahindi, unalowesha, unapika kuua uchafu, unapanda kuvu, unaacha siku tano hadi saba. Kipimo cha maji ni kiganja: finya gao la pumba, maji yaonekane katikati ya vidole lakini yasidondoke. Yakidondoka, bakteria wachachu watatangulia. Tandaza kina cha vidole vitatu tu. Zikirundikwa, katikati hupata joto hadi kuvu mwenyewe anakufa. Siku ya pili utaona nyuzi nyeupe, siku ya nne kijani kinaanza pembeni na kuingia ndani. Kwa Trikoderma njia hii ni bora kuliko tangi, kwa sababu chembe zinazozaliwa hewani ni imara kuliko zinazozaliwa ndani ya maji. Na ukikamua pumba hizo, kitinasi hutoka kikiwa kizito zaidi kwa kila lita.

Mara yangu ya kwanza ilioza yote. Tulipika viroba vyetu kwenye pipa saa moja, kama maelekezo yalivyosema, na siku ya tatu chumba kikanuka togwa iliyopitiliza. Maelekezo yale yaliandikwa kwa ajili ya watu wa Pwani. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya bahari, yanachemka kwa takriban nyuzi 94, na Makete chini ya hapo. Pipa letu halikuwahi kufikia joto tulilodhani. Hata jiko la presha, linalopaswa kutoa nyuzi 121 kwa kipimo chake cha kawaida, huku juu hutoa kama 118, kwa hiyo mimi huongeza muda: saa nzima badala ya dakika 20. Kama huna jiko la presha, tumia njia ya John Tyndall, mwanasayansi wa karne ya 19: chemsha, acha usiku kucha, chemsha tena, siku tatu mfululizo. Mbegu ngumu za bakteria zinazoponyoka siku ya kwanza huota usiku, na moto wa siku ya pili huzikuta zimeshakuwa laini.

Jambo la pili la kuamua kabla hujawasha moto ni bidhaa yenyewe: utauza chembe hai au kimeng'enya? Maandalizi yake yanapingana. Ukitaka chembe, molasi kidogo kwenye pumba inaharakisha ukuaji, weka. Ukitaka kitinasi, usiweke sukari kabisa. Kijiumbe kikiwa na sukari rahisi hakihangaiki kutengeneza mkasi wa kukatia kitini, hufunga karakana. Badala yake changanya kitini chenyewe, sehemu chache kwa mia: maganda ya kamba yaliyosagwa au mabua ya uyoga yaliyokaushwa. Kuvu akikionja huanza kazi. Mabua ya uyoga tunayo hapa hapa na watu huyatupa, wakati maganda ya kamba yanasafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Pwani.

Nawaomba sana wakulima wa uyoga wasome mstari huu mara mbili: Trikoderma ndiye ule ukungu wa kijani unaoangamiza mifuko yenu ya uyoga. Usimzalishe kwenye jengo la uyoga, wala kwenye jengo la jirani, wala usiingie bandani na nguo ulizovaa kwake. Chagua biashara moja. Na anayemkuza avae barakoa wakati wa kukusanya, chembe zile ni vumbi na huingia mapafuni.

Kwa kikundi kinachoanza Mbeya au Iringa, jibu langu ni pumba, na bidhaa ni chembe hai. Kutumia shambani mwenu ni hatua ya kwanza. Kuuza kunahitaji usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Anzeni mazungumzo nao mapema, kabla ya kuchapisha lebo.

Mahali ambapo chupa inashinda

Ukitoka shambani ukaingia kiwandani, mizani inageuka. Glukosamini inayouzwa kwa wenye maumivu ya viungo kwa kawaida hutengenezwa kwa kuchemsha kitini kwenye asidi kali ya haidrokloriki. Ni haraka, lakini asidi chafu inabaki mikononi mwako, na kikundi cha asetili hung'olewa. Vimeng'enya hufanya kazi kwenye joto la kuoga, hadi nyuzi 40 au 50, na kukuachia N-asetiliglukosamini nzima. Hapa kiumbe hai hakifai, maana angeila sukari unayoitaka. Unahitaji kimeng'enya peke yake.

Unahitaji pia zaidi ya kimoja. Kitinasi hukata mnyororo hadi vipande vya sukari mbilimbili, na kimeng'enya cha pili huzitenganisha. Kitini cha kamba kimepangwa kwa kubana sana, kwa hiyo lazima kisagwe au kilainishwe kwanza. Cha ngisi kimelegea zaidi. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba protini moja ya Serratia hutumia oksijeni kufungua sehemu zilizobana, ili kitinasi kipate pa kuingilia. Anayepanga kiwanda cha kweli ajue habari hiyo, maana ndiyo iliyobadilisha hesabu za kazi hii. Kwa sasa, hapa kwetu, sioni maganda ya kutosha kulisha kiwanda kama hicho. Mahali pake ni Pwani. Kiwanda cha nzi chuma kikikua nyanda za juu, nitafikiri upya.

Ukinunua chupa, uliza uniti ngapi kwa mililita, na zimepimwa kwa kitini cha aina gani, joto gani na uchachu gani. Uniti za kitini kilicholainishwa huonekana nyingi kuliko za maganda makavu, na kulinganisha namba mbili bila kujua hilo ni kulinganisha debe na gunia.

Ukinunua pakiti ya Trikoderma, ijaribu kabla ya kulipia ya shamba zima. Pika wali bila chumvi wala mafuta, gawa kwenye chupa mbili safi za jemu ukiwa bado moto, funika kwa kitambaa safi, acha upoe. Moja nyunyizia chembe za pakiti, nyingine usiitie kitu. Ziweke jikoni penye joto, si chumbani. Siku ya tatu hadi ya tano chupa ya kwanza iwe imejaa weupe unaogeuka kijani, na ya pili ibaki ilivyo. Zote mbili zikiota, wali wako haukuwa safi, rudia. Ya kwanza ikikaa kimya hadi wiki ya pili, au ikawa nyeusi, rudisha pakiti dukani na chupa yako mkononi.